Mguu wa Mwenye Gari

Siku ya kwanza nilipoingia katika karakana ya Hajji mjini Tororo, nilikuwa nimevaa koti jeupe la maabara. Naanza na koti hilo kwa sababu nimelifikiria mara nyingi kuliko linavyostahili, na kwa sababu Hajji alilitazama hilo kabla ya kunitazama mimi.

"Injinia," akasema, "hiyo koti ni ya kupima watu mkojo. Hapa tunapima magari."

Mafundi wakacheka. Nikalivua, nikalikunja mara nne, nikalitia mkobani juu ya bahasha iliyokuwa na shahada yangu ya uzamili. Tasnifu yangu ilihusu jinsi petroli inavyoungua ndani ya injini inayozunguka polepole. Nilikuwa nimesubiri nafasi ya kufundisha chuoni kwa miaka miwili, nafasi haikuja, na Meneja wa kampuni ya usafirishaji iliyomiliki karakana ile alitaka mtu mwenye vyeti wa kutia sahihi kwenye karatasi. Kwa hiyo, mimi Athieno, binti wa mkulima wa Iyolwa, nilijikuta nimesimama kwenye sakafu yenye madoa ya oili, nikiwa najua kwa hesabu kile ambacho watu waliokuwa mbele yangu walikijua kwa masikio.

Hajji ndiye aliyekuwa Fundi Mkuu. Alitoka katika familia ya wasafirishaji wa mjini, Waislamu wa asili nyingi zilizochanganyika, na alikuwa ametengeneza malori tangu enzi ambazo dereva alilala chini ya tela mpakani Malaba kwa wiki nzima akingoja karatasi zake. Alikuwa mfupi, mwenye ndevu zilizokatwa vizuri, na hakupenda kurudia maneno. Alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakumruhusu mtu yeyote kuuvunja. Gari likiletwa, mwenye gari husema kwanza, naye husikilizwa mpaka amalize, hata akianzia kwenye harusi ya dada yake. Kisha mwenye gari huketi nyuma ya usukani na kuendesha, fundi akiwa kando yake bila kugusa kitu. Boneti hufunguliwa baada ya hapo, si kabla.

Niliuona utaratibu huo kuwa ni adabu tu, na adabu inayopoteza muda. Siku ile ya kwanza ilikuja pikapu ya mkulima wa Kwapa, injini yake ikitikisika kama mtu mwenye homa. Ilikuwa ya kabureta, yaani chombo kilichochanganya petroli na hewa kabla ya kompyuta kuichukua kazi hiyo. Mkulima alieleza kwa dakika ishirini. Alieleza mvua, bei ya mihogo, na shemeji aliyeliazima gari. Nilikuwa tayari nimeshika bisibisi.

"Huyo shemeji," Hajji akauliza kwa upole, "alirudisha gari ikiwa na mafuta?"

"Alirudisha imejaa, Hajji. Mpaka nikashangaa. Huyo mtu si mtoaji."

Hajji akamwambia fundi mmoja afungue bakuli la kabureta. Humo mlikuwa na maji yaliyokaa chini ya petroli, angavu kama machozi. Shemeji alikuwa amejaza tangi kwa petroli ya madumu ya kando ya barabara. Nikairudisha bisibisi mahali pake.

Vijana wanaoniuliza leo tulifanyaje kazi bila mashine za kusoma makosa, huwaeleza kwanza jina. Injini inaponguruma huku gari limesimama na mguu hauko kwenye mafuta, vitabu vina jina la hali hiyo. Sisi tuliiita mngurumo wa foleni, kwa sababu mpakani ndiko injini ilikofanya kazi hiyo kuliko nyingine zote. Mngurumo mzuri haumsumbui mtu. Mbaya hutikisa kioo cha pembeni, mshale wa mizunguko hupanda na kushuka, na dereva akikanyaga klachi ili asimame, injini huinama kana kwamba inataka kuzima, kisha huinuka, kisha siku moja haiinuki. Sababu zake ni nyingi na zinafanana kwa sura. Plagi iliyochoka huruka mlipuko. Ukiichomoa, nyeusi yenye masizi hukwambia petroli ni nyingi, nyeupe kama chaki hukwambia hewa ni nyingi, na rangi ya kahawia iliyofifia hukwambia utafute kwingine. Mpira wa hewa uliopasuka huiingizia injini hewa ambayo haikupimwa. Koo la hewa, yaani mlango mdogo unaofunguka ukikanyaga mafuta, hujaa utando mweusi, na mlango ukiwa umefungwa hewa ya kupumulia haitoshi. Hajji alizijua zote, na alizijua kwa mpangilio wa nani hukosea mara nyingi zaidi. Mimi nilizijua kwa mpangilio wa alfabeti.

Baada ya miaka minne Meneja alinihamishia tawi la Busia. Mkuu wa Tawi alikuwa mtu wa haraka, mwenye moyo mwema, ambaye aliamini kwamba mteja hapendi kuongea bali anapenda kuondoka. Magari ya kompyuta yalikuwa yamekwisha kuingia kwa wingi, na yeye alikuwa wa kwanza upande wetu kununua mashine ya kusoma makosa: unaichomeka chini ya usukani, inakuandikia namba, unaitafuta namba kitabuni. Nilimpenda kwa hilo. Niliipenda mashine pia, nakiri. Ilizungumza lugha niliyosomea. Huko Busia mteja aliacha ufunguo dirishani, akavuka mpaka kwenda sokoni, akarudi akakuta kadi ya kazi imeandikwa chini yake *Gari ni zima*, na sahihi. Nilitia sahihi nyingi sana. Sikumbuki kurudishiwa hata gari moja kwa lawama, na huenda hilo ndilo lililoniharibu.

Nilirudishwa Tororo nikiwa Naibu wa Fundi Mkuu. Hajji alinipokea kwa maneno machache. "Umenenepa," akasema, "lakini vidole bado visafi."

Mwezi wa pili baada ya kurudi, Hajji alikuwa amekwenda msibani Malaba alipokuja Nabwire. Alikuwa mfanyabiashara wa dagaa kutoka Busia, mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja. Gari lake lilikuwa saluni ndogo ya gia za mkono. Kiti cha nyuma aliketi mama yake, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa ganzi baada ya kuanguka. Mara mbili kwa wiki Nabwire alimleta Tororo kunyooshwa miguu kwenye zahanati. Hicho ndicho kisa cha gari lile: lilinunuliwa kwa ajili ya miguu ya mama.

"Gari yangu nataka kufa," Nabwire akaniambia. "Nikikanyaga klachi, yeye naanguka, vuu, halafu naamka. Leo naamka. Kesho je?"

"Yeye naogopa," mama akasema kutoka nyuma. "Mimi siogopi. Mimi hata nikitaka kukimbia, na miguu gani?"

Nilimwambia Nabwire ampeleke mama zahanati kwa pikipiki ya magurudumu matatu, aniachie ufunguo. Alikuwa anaendelea kueleza jambo fulani kuhusu mteremko. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba nimeelewa.

Nitaeleza nilichofanya kwa usahihi, kwa sababu kila hatua yake ilikuwa sahihi. Niliweka mawe nyuma ya magurudumu, nikavuta breki ya mkono, nikawasha injini. Ilitikisika kidogo. Mashine haikuonyesha kosa lolote. Nilisafisha koo la hewa, ambalo kweli lilikuwa chafu. Nilibadilisha plagi, ambazo kweli zilikuwa zimechoka. Nilipuliza dawa ya kusafishia kando ya mipira yote ya hewa nikisikiliza kama mngurumo utabadilika, haukubadilika. Kisha, kwa usalama tu, nikaikaza skrubu ya mlango wa hewa ili injini ikisimama izunguke haraka kidogo kuliko kawaida. Nikaliendesha kilomita tatu. Nilisimama mara sita, kila mara kama alivyonitaka mtahini wangu wa udereva: gia ndani mpaka mwisho, klachi dakika ya mwisho kabisa, breki ya mkono, mguu pembeni. Halikuinama hata mara moja. Nikaandika *Gari ni zima*, nikatia sahihi kubwa.

Siku ya nne Nabwire alipiga simu. Sikuelewa maneno yake. Nilielewa tu neno reli.

Barabara ya kutoka Busia, kabla ya kuingia mjini, huteremka kisha hukata reli. Nilipofika, gari lilikuwa limesukumwa kando, milango yote iko wazi, na mama bado ameketi kiti cha nyuma, mkoba wake mapajani, akizungukwa na watu wa bodaboda na makarani wawili wa forodha waliokuwa wakipita. Nabwire alikuwa ameketi chini kwenye vumbi. Hakunitazama. Mama ndiye aliyenieleza.

"Injini nakufa hapa juu, kwa mteremko. Huyu nakanyaga breki, breki nakuwa ngumu kama jiwe. Navuta ile ya mkono. Gari nasimama wapi? Katikati. Mimi napandishwa kwa reli kama mzigo ya treni." Alifuta uso kwa kanga. "Hawa vijana wanasukuma. Gari haiendi. Wanasukuma, haiendi. Na treni tunaisikia kule. Mimi nasema, Nabwire, toa gia! Shusha mkono! Hawezi kusikia, analia tu 'Mama, Mama.' Nikampiga na mkoba kwa kichwa. Ndiyo akatoa."

"Mama, ulijuaje?" nikauliza, kwa maana sikujua niulize nini.

"Miezi tano nakaa hapa nyuma. Unafikiri naangalia nini? Shingo yake?"

Treni ya mizigo ilikuwa imepita muda mfupi baada ya gari kutolewa, muda ambao kijana mmoja wa bodaboda aliukadiria kuwa ni sala ya Baba Yetu mara mbili. Watu walikuwa wamekwisha anza kucheka, kicheko kile cha waliookoka.

Usiku ule nilijaza kurasa sita kwa sababu zinazowezekana za gari kuzima. Nilizipanga kwa uwezekano, kisha nikaupanga upya uwezekano wenyewe. Lakini katika kurasa zote sita sikuweza kuliondoa jambo moja: mwanamke asiyeweza kutembea aliwekwa juu ya reli na sahihi yangu. Hajji aliporudi kutoka msibani, nilimpa barua ya kuacha kazi. Meneja alikuwapo pia, na alisema, kwa haki kabisa, kwamba kampuni ingehitaji kufahamu nani aliyetia sahihi.

"Alitia huyu," Hajji akasema, "katika karakana yangu. Kwa hiyo tumetia wawili." Akaikunja barua bila kuisoma, akaitia katika mfuko wa shati. "Hii nitasoma baadaye. Kwanza waite wale wenye gari."

Nabwire alikuja lakini akakataa kuketi kwenye usukani. Alisema atauza gari, atamleta mama kwa basi.

"Basi?" mama akasema. "Kule Busia nani atanibeba mpaka kwa basi? Wewe na mgongo wako? Na hapa Tororo nani atanishusha?"

"Basi Injinia aendeshe," Nabwire akasema.

"Mimi sipandi gari ya Injinia." Mama alinitazama usoni, bila chuki. "Mwanangu, usiniwekee kwa moyo. Unaendesha vizuri sana, nasikia. Lakini wewe huendeshi kama Nabwire. Gari ilizima kwa Nabwire."

Hajji aliinua uso wake haraka, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. "Mama," akasema, "sema hiyo tena."

"Nasema gari haizimi kwa kila mtu. Inazima kwa huyu."

"Miaka arobaini nafanya hii kazi," Hajji akasema, "na mtu wa kiti cha nyuma ndiye ananifundisha." Kisha akamgeukia Nabwire, akainama kidogo, akazungumza naye kana kwamba wako peke yao. Alimwambia kwamba wakati wa kuteremka hatafika kwenye reli. Alimwambia kwamba Fundi Mkuu mwenyewe ataketi nyuma na mama yake, na kwamba juu ya mteremko kutakuwa na vijana wanne wenye magogo ya kuzuia magurudumu. Alimwambia pia: "Wewe hukukosa. Lakini gari haiumwi peke yake, dada. Inaumwa na mguu wa mwenyewe. Nataka kuona mguu wako tu."

Akaketi. Ilimchukua muda kuingiza ufunguo.

Tulikwenda mpaka barabara ya Busia, tukageuza, tukarudi kama wanaotoka kwao. Nilikuwa kiti cha mbele na kurasa zangu sita magotini. Kwa kilomita kadhaa gari lilikwenda vizuri. Tulipofika juu ya mteremko, Nabwire alifanya jambo ambalo madereva wote wa mpakani hulifanya na ambalo mimi, mzaliwa wa pale, nilikuwa nimeliona maelfu ya mara bila kuliona: alikanyaga klachi chini kabisa, akaliacha gari liteleze, huku mguu wa kulia umelala juu ya breki kulipunguza kasi. *Kuteleza* huokoa petroli; ndivyo watu wanavyoshuka miteremko na ndivyo wanavyojisogeza kwenye foleni. Mshale wa mizunguko ukaanza kushuka. Ukashuka tena. Kioo cha pembeni kikatetemeka.

"Simama hapo hapo," Hajji akasema kutoka nyuma, taratibu. "Usitoe mguu kwa breki. Usitoe kwa klachi. Vijana, magogo. Injinia, weka hizo karatasi chini, ingiza kichwa pale kwa miguu yake."

Nilijipinda chini ya usukani mpaka shavu langu likakaribia kandambili za Nabwire. Kisigino chake kilikuwa na nyufa, na kulikuwa na harufu ya dagaa. Mguu wake wa kulia haukuondoka kwenye breki. Na hapo, nyuma ya kanyagio, nikasikia: *sssss*, sauti nyembamba, kama mtu anayemnyamazisha mtoto.

"Sasa dada, toa mguu kwa breki."

Sauti ikakatika. Injini ikainuka.

"Kanyaga."

*Sssss.* Injini ikainama, ikatikisika mara mbili, ikazima.

Kisha mama akasema, "Nyoka," na Hajji akacheka mpaka akakohoa.

Naomba msomaji anivumilie nieleze, kwa maana hapa ndipo tasnifu yangu na sikio la Hajji vilipokutana. Nyuma ya injini pana kikombe cheusi kikubwa kama sahani ya kulia wali. Ni busta ya breki, inayouongezea mguu nguvu. Inafanya kazi kwa uvutaji wa hewa unaotoka kwenye injini, na ndani yake pana kiwambo cha mpira kinachotenganisha pande mbili. Kiwambo cha Nabwire kilikuwa kimechanika. Mguu ukiwa pembeni, hakuna kilichovuja. Mguu ukiwa juu ya breki, hewa ya nje ilipenya humo, ikaingia kwenye injini kwa mlango wa nyuma bila kupimwa, na injini ikanyimwa petroli ya kulingana nayo. Gia ikiwa ndani, magurudumu yenyewe huizungusha injini, haiwezi kuzima. Lakini mtu akiteleza, injini hubaki peke yake na kidonda chake, tena kwa muda mrefu. Ikizima, uvutaji wa hewa huisha, na breki huwa jiwe. Mimi nilipima kwa mawe na breki ya mkono, kisha nikaendesha kama mtahini. Mguu wangu haukukaa juu ya breki wakati injini iko peke yake hata kwa pumzi tatu. Na ile skrubu niliyoikaza kwa usalama iliuficha ugonjwa kwa siku nne, zikatosha kuufikisha kwenye reli.

Nabwire alikuwa amejaribu kunieleza mteremko. Nilimwambia nimeelewa.

Tulipata busta nyingine Busia. Hajji alinifundisha namna ya kuithibitisha, nami nimewafundisha wengi tangu hapo: zima injini, pampu breki mara tano mpaka iwe ngumu, uache mguu umekanyaga, kisha washa. Kanyagio likizama kidogo chini ya mguu, busta ni nzima. Lisipozama, tafuta. Na siku hiyo alimfundisha Nabwire jambo jingine, ambalo baadaye alimfundisha kila mwenye gari la gia za mkono aliyefika kwetu: ukizimikiwa juu ya reli, na gari lako ni la zamani, tia gia ya kwanza, toa mguu kwenye klachi, zungusha ufunguo na uushikilie. Stata pekee, ile mota ya kuwashia injini, italivuta gari mpaka ng'ambo, kwa kuruka-ruka kama chura, lakini litavuka.

"Na wewe nyuma," akamwambia mama, "utakumbusha."

"Nitapiga na mkoba."

Kisha akaniletea kadi ya kazi. Niliitazama mistari yake na sikuweza. Nilimwambia Hajji atie yeye. Akasema hapana. Nikamwambia kuna jambo sijalipima, na akasema daima litakuwapo. Alisimama pale, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri wali uive. Mama alikuwa ndani ya gari, ameegemea dirisha.

"Andika, mwanangu," akasema. "Nataka kwenda nyumbani."

Sikuandika. Badala yake nilimgeukia Nabwire, nikamwuliza swali ambalo sikuwahi kumwuliza mteja yeyote katika maisha yangu ya kazi. "Wewe unaonaje? Mguuni mwako, unaonaje?"

Alifikiri. Akaomba aende tena mpaka mteremkoni, peke yake na mama. Tukawatazama wakiondoka, nadhani ndiyo nusu saa ndefu kuliko zote nilizopata kuishi. Waliporudi, Nabwire alishuka, akaichukua kadi mkononi mwangu, akaandika jina lake chini kabisa, kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema: NABWIRE. Ndipo nikaandika langu juu yake.

Hajji aliisoma kadi ile. Kisha akatoa barua yangu kutoka mfuko wa shati na kuipangusia mafuta vidoleni. Mwezi uliofuata Meneja alichapisha kadi mpya, zenye mistari miwili: wa fundi na wa mwenye gari. Bila saini ya mwenye gari, tena baada ya kuliendesha yeye mwenyewe, gari halikutoka.

Niliendelea na kazi hiyo kwa miaka mingi, na baada ya Hajji kustaafu nikawa Fundi Mkuu. Nilimzika pia, Mwenyezi Mungu amrehemu; Nabwire alikuja na magunia mawili ya dagaa, na mama yake alikwisha tangulia. Watu hudhani kwamba mtu aliyesoma alikuja kuwafundisha mafundi wa Tororo. Nimejaribu kuwasahihisha, lakini mtu akiwa na shahada watu hawamsikilizi vizuri. Hajji hakuwahi kuandika ukurasa mmoja, na kila ninachokijua chenye thamani kuhusu injini inayokaribia kuzima nilikisikia nikiwa nimepinda chini ya usukani, kwa amri yake.

Nilistaafu mwaka jana. Nina gari dogo la gia za mkono la kunipeleka Iyolwa na kunirudisha. Miezi michache iliyopita likaanza kuinama nikikanyaga klachi. Nilijua sababu, bila shaka. Niliziandika tatu kwenye karatasi, kwa mpangilio wa uwezekano, na kuzipeleka karakana. Fundi Mkuu wa sasa ni Apio, mwanamke niliyemfundisha mwenyewe. Aliipokea karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Hii nitasoma baadaye, Mama. Kaa kwa usukani."

"Apio, ni koo la hewa. Nimekwisha—"

"Mama. Nyamaza, endesha."

Nikaendesha. Aliketi kando yangu, mikono mapajani, hakugusa kitu. Tulikwenda barabara ya Busia, tukageuza, tukarudi. Kwenye mteremko Apio alikohoa kidogo, kile kikohozi cha mtu anayejizuia kucheka. Nilitazama chini. Klachi ilikuwa imekanyagwa hadi sakafuni, na mguu wangu wa kulia ulikuwa umelala juu ya breki. Nilikuwa ninateleza, mimi niliyewaonya madereva wa mpaka mzima, na sijui nilianza lini.

Lilikuwa koo la hewa. Alilisafisha, tukapima busta kwa sababu nilisisitiza, nikaliendesha tena peke yangu. Niliporudi alinipa kadi na kalamu, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mstari wa juu, ulikokuwa ukienda kwa miaka yote ile.

Apio akaivuta kadi kwa upole, akaniwekea kidole kwenye mstari wa chini.

"Hapo juu ni pangu, Mama," akasema. "Andika hapa. Mguu ni wako."